Kitana cha Chuma

Nywele zangu zilikuwa ngumu, na mama alizikasirikia kama vile zimemtukana. Kila Jumamosi alitia kitana cha chuma kwenye makala yanayowaka, akazinyoosha huku masikio yangu yakiungua. Volkano ilipotutoa mbio mtaani kwetu Murara, aliacha sufuria zote, akabeba kitana.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa imezikwa chini ya mawe ambayo bado yalikuwa ya moto. Mama akayatazama. Halafu akachuchumaa, akaingiza kitana kwenye ufa.

“Mama, hata hapa?”

“Tulia, mutoto. Volkano imekula nyumba yangu, sasa ifanye kazi kidogo.”

Nywele zikanyooka vizuri kabisa. Kisha mvua ikanyesha, mawe yakatoa mvuke, nywele zote zikajikunja upya.

Hapo ndipo mama alipoitukana ile volkano.