Mpapai wa Kukhu

Nilipokuwa mtoto kule Mashimoni, Kibera, niliogopa mpapai. Ulikuwa wa nyanya yetu, tuliyemwita Kukhu, nyuma ya nyumba yetu ya mabati. Wadudu weupe wa kunatanata walikuja wakaufunika kama pamba. Majirani walisema ni wadudu wageni, hawajawahi kuwaona. Kukhu alinyunyiza maji ya sabuni, akamwaga jivu, wapi! Mapapai yakaoza yangali mabichi.

Ndipo akatuangalia mimi na ndugu yangu Mukhwana. Sisi ni pacha, na Kukhu aliamini pacha ndio wa kufukuza wadudu. Akakwangua wachache, akawatia kwenye mkebe, akanipa.

"Mulongo, wewe mbele, Mukhwana nyuma. Mkawatupe mtoni. Usigeuke. Ukigeuka watarudi, na watamchukua mwenzako."

Jamani, mtoto anaambiwa hivyo? Ilikuwa mchana, watu wamejaa kwenye vibanda vya maji, na bado nilitembea nikitazama miguu yangu tu. Nyuma nilisikia patipati za Mukhwana zikimpiga visigino. Karibu na mto nikasikia udongo ukiporomoka, kisha kimya.

"Mukhwana? Acha mchezo, bana!"

Nililia nimesimama. Nikigeuka nitamuua. Nisipogeuka je? Halafu nikasikia sauti ndogo sana ikiniita.

Nikageuka. Ukingo ulikuwa umekatika, naye alikuwa ndani ya tope hadi kifuani. Nikatupa mkebe, nikalala kifudifudi, nikamshika kola na kupiga nduru mpaka mwanamume wa mkokoteni akaja kumvuta.

Jioni Mukhwana akashikwa na homa kali, akawa anaweweseka. Nikajua basi, wamekuja kumchukua.

"Nani aligeuka?" Kukhu akauliza.

"Ni mimi, Kukhu."

Sijawahi kuona mtu mzima akiogopa namna ile. Mpapai ule aliuotesha kwa mbegu aliyotoka nayo Bungoma tulipomzika mama yetu, na hakuna aliyeruhusiwa kuchuma hata jani. Alichukua panga, akatoka. Aliukata wote, akaumwagia mafuta ya taa, akauchoma.

"Haya, chukueni huu," aliwaambia wadudu ndani ya moto. "Yule mwacheni. Tafadhali, mwacheni."

Mukhwana alipona kwa dawa za zahanati. Leo naishi Kawangware, nimepanda mboga za sukuma wiki kwenye magunia, na afisa wa kilimo ameniambia mti ulioliwa vile ni wa kukatwa na kuchomwa tu. Sawa. Lakini Kukhu hakuwa anatibu mti.

Kwa muda mrefu nilimkasirikia kwa kunitia hofu ile. Hata baada ya Mukhwana kupona, nilikuwa naamka kuangalia kama anapumua. Alfajiri moja nikamkuta Kukhu ameshapiga magoti pale kitandani, amemwinamishia Mukhwana sikio. Alinisogezea nafasi, nami nikapiga magoti kando yake, tukasikiliza wote wawili.