Mikdad na Membe wa Funguni

Bwana Mikdad, fundi cherehani wa hapa mtaani, hawezi kutunga uzi kwenye sindano bila kumwita mkewe Hafidha. Lakini mwezi wa Idi, huo huuona kabla ya watu wote. Mwaka juzi aliapa kauona, mtaa mzima ukafungua na kupika pilau. Kumbe aliona mkia wa tiara ya watoto ulionasa kwenye waya wa umeme. Siku ile tuliilipa kwa kufunga, na Sheikh akamwambia akikosea tena, ushahidi wake basi.

Safari hii akamwomba shemeji yake Ausi, mvuvi, ampeleke Funguni, kisiwa kisicho na mtu wala mnazi wa kumziba. Wenye kisiwa ni membe, ndege weupe wa baharini, nao walikuwa wanaatamia. Ausi alimsihi abaki mashuani. Mikdad akajibu kwamba shahidi hatakiwi kuyumbayumba, akashuka na kanzu yake mpya, akasimama katikati ya mayai ya watu.

Jua lilipozama membe wakainuka wote. Wengine walimdonoa kofia, wengine wakamshushia walichokuwa nacho tumboni. Mwenyezi Mungu kampa kila kiumbe silaha yake. Ausi kajifunika turubai, hakuona kitu. Hadi Mikdad anapata pembe ya kanzu iliyo safi ya kufutia miwani, wingu lilishaziba.

Aliporudi mashuani simu ikaita. Alikuwa Hafidha.

“Baba Sabah, mwezi tumeuona mimi na jirani Raya hapa uani. Sheikh anataka na wanaume. Mmeuona?”

Ausi akamnong'oneza aseme ndiyo. Mwezi si umeonekana? Nani atajua?

Mikdad aliitazama kanzu yake.

“Mwambie Sheikh hatukuona. Nimeona mavi ya ndege, na hayo naweza kuyaapia.”

Baadaye redio ikatangaza umeonekana kwingine, pilau zikainjikwa. Asubuhi Mikdad alikuja kuswali Idi na kanzu ya Ausi, imemkomea magotini kama shimizi. Sheikh akamvuta safu ya mbele.

“Mwakani huyu akisema kauona,” akatuambia, “mimi nafungua.”

Watoto waliokuwa wakimwita Bwana Tiara sasa wanamwita Bwana Membe, naye anaitika. Hafidha amemwomba tu mwakani auangalie palepale uani, maana ile kanzu bado anaifua.