Ntheo ya binti wa kaka yangu, na jedwali nililochora kwenye katoni

Wakuu, pokeeni salamu kutoka Kitui. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na mke wangu ni shahidi, ingawa hatapenda kuitwa.

Mimi ni mraibu wa logic puzzle, zile za jedwali. Unapewa vidokezo: mwalimu hafugi paka, daktari haishi nyumba ya kijani. Unachora miraba, unaweka X pasipowezekana, mpaka kila mtu abaki na chake. Degree ilinipa kazi. Hizi hunipa amani.

Sasa, Mwende, binti wa kaka yangu, aliletewa ntheo hapa Kabati. Kwa wasiojua, ni mbuzi watatu ambao bila wao msichana hajaposwa. Wageni walitoka Kambu. Mbuzi wao wakafungiwa zizi moja na wetu, nasi tukaketi kula.

Wazee walipokwenda kuwakagua, beberu wa wageni hakuonekana. Mzee Kioko, baba mdogo wa kijana anayeposa, akamshika pembe beberu wetu mkubwa akidai ndiye. Kaka akakataa katakata. Mwende alikuwa dirishani, machozi yakimlenga, kwa maana ntheo ya mbuzi wawili si ntheo.

Nikaomba katoni na kalamu.

(Mke wangu alinivuta koti. Nilidhani ananitia moyo.)

Nikachora mbuzi upande huu, wenyewe upande ule, nikahoji watu. Kijana akasema beberu wao alikatika ncha ya sikio la kushoto. Beberu wetu ana masikio kamili: X. Anayefuata ni jike: X. Zizi zima likaisha kwa X.

Aliyebaki nje ya jedwali ni yule ambaye vijana wetu walimtoa zizini kutuchinjia.

Nikaenda jikoni, nikafunua sufuria ya supu ya kichwa. Sikio la kushoto halikuwa na ncha.

Mtu mwenye busara angefunika. Lakini wakuu, utamu wa kupata jibu mnaujua. Nikarudi, nikatangaza mbele ya wote: "Beberu wenu hajapotea. Tumemla."

Kaka alinitazama kana kwamba anatafuta mraba wa kuniweka.

"Mmemla nyinyi?" akauliza Mzee Kioko.

"Na wewe, mzee."

Akautazama mfupa mkononi mwake.

"Mbuzi aliyeliwa harudishwi," akasema. "Basi ntheo imepokelewa. Niongezeeni supu."

Mwende alicheka mpaka akaketi sakafuni.

Nilichojifunza: jedwali hukupa jibu, ila halikuambii ni nani alitangaze, wala mbele ya nani. Kama nawe umewahi kupeleka akili za karatasi kwa wakwe, hebu tueleze ulitokaje.