Majani ya Sungura Wawili

Kila asubuhi, kabla ya kuketi kwenye cherehani, jirani yangu mshonaji huchuma majani ya mforosadi uani. Kila jani huligeuza, akalinusa, akalipangusa kwa pindo la gauni. Siku moja nilimletea matawi ya mparachichi niliyopogoa, akarudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. "Mforosadi sawa, mpera sawa. Hayo ni sumu kwa sungura, jirani. Yule mweupe nilimlisha mimi, kwa mikono hii. Hakuamka." Bandani amebaki mweusi peke yake. Wote wawili walikuwa wa binti yake, ambaye huu ni mwezi wa tatu yuko wodini.

Jana binti alipiga simu tukiwa uani, akauliza kama sungura wake wamekula. "Wamekula, mwanangu. Mweupe ndiye mlafi, anampokonya mwenzake." Mtoto akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza. "Basi mpunguzie, mama, asije akavimbiwa." "Haya, nampunguzia." Simu ilipokatika, mshonaji alichuchumaa mbele ya banda, akatoa majani machache kwenye sahani, akabaki ameyashika.