Abasi Amtafutia Mpwa Wake Chumba

Abasi hakujaliwa mtoto wa kumzaa, lakini kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Kwa hiyo Shakila, binti wa dada yake Chausiku, alipochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, macho yote ya ukoo yalimgeukia Abasi. Shule ilikuwa bondeni, upande wa Mzinga. Kutoka kwao mlimani ni mwendo wa saa mbili kushuka na karibu tatu kupanda. Masika yalipokolea, binti akawa anafika darasani amelowa hadi madaftari.

"Mjomba, mimi niache tu," alisema jioni moja. "Nitalima na mama."

Kesho yake Abasi alivaa kanzu yake ya Ijumaa, akashuka kutafuta chumba.

Alizunguka siku tatu. Vyumba vilikuwepo, hata vyenye umeme, ila kila alipotaja mwanafunzi, mazungumzo yalikatika. Mama mmoja aliyekuwa akianua nguo alimweleza bila kumficha: "Kaka yangu, mwaka juzi nilimpangisha binti wa kidato cha pili. Akapata mimba. Nikaitwa serikali ya mtaa kujieleza, kana kwamba mimi ndiye niliyempa. Siwezi tena." Mwenye nyumba mwingine alikubali upesi mno, kisha akauliza kama binti mwenyewe ni mzuri. Abasi aliondoka bila kuaga.

Siku ya tatu muuza genge alimwelekeza kwa Regina, mjane aliyestaafu kazi ya jikoni kiwandani, nyumba ya tatu kutoka geti la shule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni dalali?"

"Hapana, mama. Ni mjomba wa mtoto."

Regina alimsikiliza hadi mwisho, akamwonyesha chumba cha mbele chenye dirisha la nyavu. Kisha akampeleka uani. Palikuwa na banda, na ndani yake nguruwe wanne.

Moyoni Abasi aliwaona watu wa msikitini kwao wakimtazama.

"Nimekuonyesha mapema usije ukasikia kwa watu," Regina alisema. "Sufuria aje na zake, ajipikie barazani. Huku nyuma sitamtuma. Lakini saa kumi na mbili jioni awe ndani, na mwanamume wa kumtembelea ni wewe peke yako."

Abasi akaketi. Siku zote tatu hakuna aliyekuwa amemwekea sharti kama hilo.

Huko mlimani Chausiku alilia. "Kaka, unampeleka mwanangu kwenye nguruwe?"

"Nampeleka kwa mtu mzima anayejua kufunga mlango. Nguruwe hawatamfuata chumbani."

Shakila alihamia na godoro, sanduku na sufuria mbili. Kwa miezi kadhaa wapo waliomkwepa Abasi baada ya swala, naye ilimuuma. Lakini matokeo ya mwisho wa mwaka yalipotoka, binti aliyekuwa wa tisini na nne alikuwa wa ishirini na saba.

Sasa yuko kidato cha tatu. Baadhi ya waliomsema Abasi wamemfuata awatafutie mabinti zao vyumba, naye hushuka, huketi na mwenye nyumba kwanza wakaongea, ndipo aombe kuonyeshwa chumba. Wasichana wanne wa kutoka mlimani wanaishi jirani na ile shule. Wa tano bado anatafutiwa.