Siku Kitinda Alipopewa Zamu

Sisi mashabiki wa Binti Mhunzi tulikuwa tukikutana saluni kwangu, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa tisa alasiri. Nilikuwa nafunga mlango wa mbele, nasukuma mashine za kukaushia nywele ukutani, kisha tunapanga viti chumba cha nyuma. Hatukuwa chama wala nini. Tulikuwa watu saba wanane tuliokua na nyimbo za mwanamke mmoja mwenye gitaa, nyimbo alizotunga mwenyewe kuhusu visima, ndoa na watu waliohama. Kila mmoja wetu alikuwa amewahi kumwona jukwaani, na hicho ndicho kilichokuwa kiingilio: useme ulimwona wapi na ikawaje.

Fundi baiskeli alikuwa amemwona mara kumi na moja. Hadithi yake aliyoipenda ni ya siku uzi wa gitaa ulipokatika na Binti Mhunzi akaendelea kuimba kana kwamba hakuna kitu. Mwaka wa kwanza ulikatika uzi mmoja. Mwaka uliofuata zikakatika mbili. Zilipofika tatu, Mwalimu mstaafu alimwambia, "Fundi, gitaa lina nyuzi sita. Tunaona unakoelekea."

Lakini hadithi tuliyoingoja wote ilikuwa ya Dada Pasi.

Jina hilo tulimpa sisi. Alikuwa akifanya kazi chumba cha kufulia cha hospitali, kwenye ile mashine kubwa ya kunyoosha mashuka: wawili wanaingiza shuka bichi upande huu, yeye anapokea likiwa kavu na la moto upande ule. Mikono yake ilikuwa na alama za kuungua hadi kwenye viwiko. Mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mpole, mwenye kucheka kwa pua, asiyejua kukataa.

Yeye alikuwapo siku ya ukumbi wa chuo cha ufundi. Kila shabiki anaijua siku hiyo. Ilikuwa mchana kweupe, ukumbi umejaa hadi watu wamekaa madirishani, Binti Mhunzi yuko kwenye wimbo wa nne, sanduku la umeme likalipuka nyuma ya jukwaa. Moshi ukatanda. Watu wakakimbilia mlango mmoja. Wawili hawakutoka hai.

Dada Pasi alikuwa na miaka kumi na tisa siku hiyo, na mkononi alikuwa amemshika mdogo wake wa miaka tisa, kitinda mimba wa mama yao. Alitusimulia jinsi alivyosukumwa, jinsi kiatu kilivyomtoka, jinsi kidole kimoja cha mtoto kilivyoteleza, kisha cha pili, na yeye akakaza. "Nilikaza hadi nje," alikuwa akisema. "Sikuuachia ule mkono." Mwalimu alikuwa akivua miwani kila hadithi ilipofika hapo. Na mimi nilikuwa nalia, sifichi.

Haya yanayofuata mengine niliyaona kwa macho, mengine aliniambia mwenyewe baadaye, nikimsuka.

Mwezi wa pili mwaka jana alipigiwa simu akiwa kazini. Alikuwa mdogo wake, yule Kitinda, ambaye sasa alikuwa mkunga wilaya nyingine, mbali. "Dada, nimepata uhamisho! Nakuja hospitali yenu. Tutakuwa jengo moja, wewe chini, mimi juu."

Dada Pasi alisema, "Alhamdu— vizuri sana, mdogo wangu," na hapo hapo shuka likajikunja kwenye mashine na kuanza kunuka. Wenzake walipiga kelele, mashine ikazimwa. Shuka lilitoka na alama ya kahawia yenye umbo la mkate. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuunguza shuka.

Kwa sababu mkono ule aliuachia.

Haukuteleza. Aliniambia hivyo, kichwa chake kikiwa kati ya magoti yangu, nisiuone uso wake. "Msusi, ningeweza kusema uliteleza. Haukuteleza. Nilisikia watu wananijia mgongoni, nikahisi nitakufa, nikafungua vidole. Nilivifungua mimi. Nikapata upenyo, nikatoka." Nje, kwenye jua, alijikuta ana mkoba wake begani na ameung'ang'ania kwa mikono miwili. Mdogo wake hakuwapo. Alisimama pale karibu saa nzima. Hakurudi ndani, miguu ilikataa. Kisha watu wa zimamoto wakatoka na mtoto aliyevunjika mfupa wa bega, akamkimbilia, akampokea. Jirani yao akafika wakati huo huo, akamwona amempakata, akapaza sauti: "Umemtoa mdogo wako! Mungu akubariki, umemtoa!"

Yeye akanyamaza. Hakusema uongo, alinyamaza tu. Jirani akawahi kwa mama. Mama akampigia magoti, mama mzima, akamshukuru mwanawe. Baada ya hapo angeanzia wapi?

Basi kwa miaka ishirini na mitatu aliishi na hofu moja: mtoto anakumbuka, au hakumbuki? Hakuthubutu kuuliza. Kila mwisho wa mwezi alimtumia kitu: viatu, ada, sweta, redio.

Kitinda alipofika, tulimwona Dada Pasi akikonda. Alituambia Jumapili hawezi kuja, ana zamu. Mwezi uliofuata akasema tuhamishie Jumatano, tukakataa. Kumbe nyumbani amemwambia mdogo wake kuwa kikundi chetu kilishavunjika zamani, sisi tumegombana. Nilipolijua hilo nilicheka, maana alisema mimi na Mwalimu ndio tuliogombana, tena juu ya mume.

Lakini mji si mkubwa kiasi hicho. Kitinda alinunua baiskeli kuukuu ya kwendea kazini, mnyororo ukawa unaruka, akaipeleka kwa Fundi. Fundi, mdomo wake haujawahi kufungwa na mtu, alikuwa anapiga wimbo wa Binti Mhunzi kwenye kiredio chake. Kitinda akamwomba apunguze sauti. Fundi akauliza kwa nini. Neno likazaa neno.

"Wewe ndiye yule mtoto?" Fundi aliruka, spana ikamwangukia mguuni. "Yule wa mkono? Jumapili uje! Dada yako hatakwambia, ana haya, lakini sisi tunamheshimu kama askari!"

Jumapili hiyo Dada Pasi, akidhani mdogo wake bado yuko zamu, alikuja amechelewa. Alipofungua mlango wa nyuma na kumwona mdogo wake ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na sinki, na kikombe cha chai mkononi, alisimama hapo hapo. Nilimwona akishika mwimo wa mlango.

"Dada," Kitinda alisema. "Kumbe hamjavunjika."

"Tulipatana," alisema Dada Pasi.

Akakaa karibu na mlango. Hakuvua koti, na chumba kilikuwa joto. Jasho jembamba lilikuwa likimshuka kwenye shavu, halipangusi. Fundi alisimulia ya nyuzi, zilikuwa bado tatu, akaharakisha kuliko kawaida yake. Mwalimu akasimulia ya mvua. Kila aliyemaliza, nilimwona Dada Pasi akiutazama mlango, kisha mdogo wake, kisha sakafu. Mimi nilidhani anaumwa. Nikamwuliza kwa ishara kama anataka maji. Akatikisa kichwa.

Kisha Mwalimu, kwa heshima zake zote, akasema, "Leo tuna mgeni. Hadithi yake tumeisikia kwa kinywa cha dada yake miaka sita. Mwanangu, tupe na wewe upande wako."

"Mwacheni," Dada Pasi alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Amechoka, ametoka zamu."

"Sijachoka," alisema Kitinda. Akaweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa sauti tulivu, sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia wanawake wenye uchungu kwamba bado kidogo. "Mmesikia nini?"

Fundi akamweleza, kwa fahari, hadi pale pa kukaza vidole. Kitinda alimsikiliza hadi mwisho. Hakumtazama dada yake.

"Dada aliniachia mkono," alisema.

Bomba la sinki langu linavuja, na siku hiyo nililisikia kila tone.

"Sisemi kwa ubaya. Mmeniuliza. Aliniachia, nikaanguka, mtu akanikanyaga hapa." Akagusa bega. "Nikatambaa kwenda kulikokuwa hakuna miguu. Nikaingia chini ya jukwaa. Mle ndani kulikuwa na mtu. Alikuwa yeye, Binti Mhunzi wenu."

Fundi alifungua mdomo. "Ulikuwa naye? Chini ya jukwaa? Alikuimbia?"

"Hapana. Alikuwa analia. Alikuwa anaogopa kuliko mimi, alikuwa ametapika kwenye nguo. Aliniambia nilale kifudifudi, nivute pumzi karibu na sakafu. Akanishika mkono. Alikuwa anatetemeka hata meno yanagongana, na moshi unashuka, na juu yetu tunasikia watu. Mara mbili alisema atatoka kutafuta mlango. Mara mbili akaghairi. Hakuniachia mpaka watu wa zimamoto walipovunja mbao." Akakiinua kikombe tena. "Nyimbo zake siwezi kuzisikiliza. Mnisamehe. Nikizisikia, naisikia ile harufu."

Dada Pasi alisimama, kwa kuchanganyikiwa akaelekea mbele badala ya mlango wa nyuma. Mdogo wake akamfuata. Wakaishia pale mbele, kati ya mashine za kukaushia nywele, maana mlango nilikuwa nimeufunga na ufunguo niko nao mimi. Nilikwenda kuwafungulia, nikashindwa kupita. Nikashika ufagio nikajifanya nafagia. Ndivyo nilivyosikia.

"Tangu lini unakumbuka?" dada mtu aliuliza.

"Sijawahi kusahau."

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani? Nilirudi kutoka hospitali nikakuta mama ameshawaambia watu wote. Nilikuwa na miaka tisa. Nikadhani labda wakubwa ndivyo wanavyohesabu kumtoa mtu." Kisha akasema, "Nilikuwa nangoja uniulize. Kila ulipotuma kiatu nilikuwa naangalia ndani kama umeweka barua."

Dada Pasi alikuwa ameshika kiti cha kuoshea nywele. "Nilifungua vidole mimi mwenyewe. Sikusukumwa. Nilikuogopa miaka yote hii, mdogo wangu. Nilikuwa nikiona jina lako kwenye simu, naiacha ilie kwanza."

"Ule mkoba. Ulikuwa na nini ndani?"

"Kitana. Leso. Na kanda ya Binti Mhunzi niliyotaka aisaini."

Kitinda alicheka kidogo, cheko lisilokuwa na furaha. "Basi."

"Umenisamehe?"

"Sijui. Nilikuwa mtoto, sasa ni mtu mzima, katikati hapo sijakaa nikafikiria. Usiniharakishe."

Nikawafungulia mlango. Wakatoka, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Kikundi kiliyumba. Mwalimu alikaa miezi mitatu bila kumsalimu Dada Pasi. Alisema si kwa sababu ya mkono, mkono angeweza kuuachia yeyote, ni kwa sababu ya machozi aliyomwaga kwa miaka sita. Fundi alirudisha nyuzi zote isipokuwa mmoja. Dada Pasi hakuja mwezi uliofuata. Uliofuata alikuja, akaomba zamu, akasimulia upya, ukweli mtupu, amekalia mikono yake. Hakuna aliyepiga makofi. Nikamwekea chai.

Ikabaki hofu kubwa kuliko zote: mama.

Mama yao alikuwa hai, na alikuwa bado akiwaambia majirani wapya habari za binti yake shujaa. Kitinda alisema, "Mimi simwambii. Hilo ni lako." Wiki nne Dada Pasi hakulala vizuri. Siku moja alikuja kusukwa, mdogo wake akiwa ameketi pembeni anakula karanga. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari, nusu imesimama, akaomba nimpe simu yake. "Nikisubiri umalize nitaghairi," alisema. Akapiga.

Mama alipokea akianza na habari za bati lililong'oka na kuku aliyelalia mayai mabovu. Dada Pasi alimwacha amalize. Kisha akajikaza, akasema yote kwa pumzi moja, kuanzia vidole mpaka jirani. Nilikuwa nimeshika nywele zake, nikahisi ngozi ya kichwa imelowa.

Mama aliuliza kama mdogo wake yuko karibu, akaambiwa yuko.

"Mpe mdogo wako simu," mama alisema.

Kitinda akatoka nayo nje, akasimama barabarani, ametupa mgongo. Alizungumza muda mrefu. Dada Pasi alikuwa akimtazama kupitia kioo changu, akijaribu kusoma mabega yake. "Anasema nini? Msusi, anaitikia au anakataa?" Niliendelea kusuka, maana mikono ilihitaji kazi.

Kitinda alirudi, akamrudishia simu. "Anasema uende Jumamosi. Uende peke yako."

Akaenda. Aliniambia kwamba kutoka kituoni hadi nyumbani alisimama mara tano, na mara moja aligeuka kabisa akarudi hatua kadhaa. Mama alimfungulia, hakumkumbatia, hakumfukuza. Alimpakulia chakula, akamngoja ale. Kisha akakaa kitandani na kumwambia asimulie tangu mwanzo, tangu walipotoka nyumbani asubuhi ile, nguo walizovaa, na nani alifunga kamba za viatu vya mtoto. Dada Pasi akasimulia. Mama akamwambia arudie. Akarudia.

Alipoanza mara ya tatu, mama alimshika mdomo kwa kiganja, akamwambia inatosha, alale, kesho kuna bati la kupigilia.