Mikaratusi ya Baba

Mimi ni mtu wa kuchungulia. Nikikuta kisima, hata cha watu, lazima nione kilicho chini. Kwa hiyo mama aliponiambia kisima chetu cha nyumbani Munyaka kinakauka, nilisikitika, lakini pia nilishikwa na hamu ya kujua kwa nini.

"Si ni hiyo tabianchi yako unafundishanga, mwalimu," alisema. Huniita mwalimu akitaka kunichokoza, na kweli nafundisha jiografia. Maji ya ardhini, ardhi oevu, uendelevu: nimeyaandika maneno hayo ubaoni miaka mingi. Lakini mvua ilikuwa imenyesha vizuri, na kisima cha jirani ng'ambo ya barabara kilikuwa na maji. Jibu lake halikuniridhisha.

Nikachukua kioo chake cha kujitazamia, nikangoja jua lipande, nikaurusha mwanga ndani ya kisima. Ukateremka ukutani polepole, ukapita mawe, ukapita udongo mwekundu. Karibu na maji nikaona kitu kama nywele za kahawia, zikining'inia kutoka ukutani. Mizizi. Nikageuka kutazama ile safu ya mikaratusi inayotoka kisimani hadi jikoni, mirefu kupita paa la nyumba.

"Mama, hii miti baba alipanda ya nini?"

"Ya kukausha. Hapa kulikuwa maji tupu, unavaa gambuti za mpira hata kwa jikoni. Kila mtu alikuwa anapanda blugamu kama hizi kwanza ndio ajenge. Baba yako akapanda, ikakunywa, tukajenga."

Kumbe nimekulia juu ya ile ardhi oevu ninayowachorea wanafunzi, na sikuwahi kuuliza ilikokwenda. Miti ilikuwa imemaliza kazi yake zamani, ila iliendelea kunywa.

Kuikata ndiko kulikuwa kugumu. Tangu baba atutoke, mama hukaa chini ya miti hiyo kila jioni akichambua mboga, na husema hapo ndipo hahisi yuko peke yake. Kisima nacho kikikauka, ingebidi ahamie kwangu Langas, jambo ambalo hataki hata kulisikia. Nilipomweleza nilichoona, alirudi kuchambua mboga zake. Siku nyingi baadaye akanipigia simu.

"Leta watu wa kukata."

Walipokuja hakutoka nje. Nilisikia miti ikianguka mmoja baada ya mwingine, nikauchukia kidogo ule udadisi wangu.

Msimu wa mvua uliofuata, maji yalipanda kisimani. Yalipanda kuliko nilivyotarajia, kwa maana nilipofika nilikuta sakafu ya jikoni imelowa na mama amevaa gambuti, anapika huku akicheka na kujifuta machozi.

"Hivi ndivyo tulianza na yeye," alisema.

Nje, visiki vyote vilikuwa vimechipua. Nikachukua panga nikaanza kufyeka machipukizi, nikitokea upande wa kisimani. Nilipofika kisiki cha mwisho, kile kilicho karibu na jikoni, mama akatoka akasimama mbele yangu.

"Haka wachana nako. Katakunywa maji ya jikoni peke yake."

"Na mizizi ikienda kisimani?"

"Si kioo kiko? Utakuwa unakuja kuangalia." Akakagusa kale kachipukizi, ambako kalikuwa hakajamfika gotini. "Na mimi nitapata pa kukaa."